Patasi Butu Si Patasi Mbovu

Leo naweka kando habari za programu, seva na hifadhidata. Leo naandika juu ya patasi, kile chuma cha seremala chenye mpini upande mmoja na makali upande wa pili. Kama ulikuja hapa kutafuta sehemu ya pili ya somo la wiki iliyopita, vumilia kidogo, itakuja. Hili la patasi limenikaa rohoni kwa miezi na sasa lazima nilitoe.

Hoja yangu ni fupi. Patasi nyingi zinazoitwa mbovu katika karakana zetu hazina ubovu wowote. Hazijanolewa, basi. Na zile zinazonolewa huchomwa kwenye grinda mpaka zinakuwa mbovu kweli. Halafu anakuja mtu na katalogi mkononi kutuambia kwamba dawa ni mashine. Dawa si mashine. Dawa ni kitu bapa, maji kidogo, na mikono miwili iliyofundishwa.

Kwa nini mtu wa kompyuta ajiingize katika mambo ya maseremala? Kwa sababu niliitwa.

Mwaka jana chuo kimoja cha ufundi, ambacho sitakitaja jina, kiliniomba nikitengenezee programu ndogo ya kuhesabu vifaa vya karakana. Kazi rahisi: jina la kifaa, idadi, mwaka kiliponunuliwa, hali yake. Nikapewa fomu ya karatasi waliyokuwa wakiitumia. Kwenye sehemu ya "hali" palikuwa na majibu mawili tu: NZIMA au MBOVU. Patasi zilikuwa 30 kwa jumla. Nzima 8, mbovu 22.

Nikaomba kuziona hizo 22. Zilikuwa zimerundikwa kwenye debe, makali yakigongana na makali. Nilizitoa moja moja nikazitazama kwenye mwanga wa dirisha. Mbili zilikuwa zimepasuka mpini. Moja ilikuwa imemeguka kona kwa sababu mtu aliitumia kufungulia kopo la rangi. Zilizobaki, 19, zilikuwa butu tu. Tena tisa kati ya hizo zilikuwa na doa la buluu kwenye ncha, na hilo doa nitalieleza hapa chini kwa sababu ndilo kesi yenyewe.

Nikamwendea msimamizi wa stoo. "Mzee, hizi nyingi si mbovu, ni butu. Niongeze jibu la tatu kwenye programu?" Akanijibu kwa upole kabisa: "Kijana wangu, mkaguzi anajua nzima na mbovu. Butu ataiweka wapi?"

Kwenye kona ya karakana ile ile palikuwa na mashine ya kunolea iliyoletwa kwa msaada, imefunikwa turubai. Gurudumu lake lilipasuka zamani na la kubadilisha halikupatikana. Hali: MBOVU. Hapo angalau fomu ilisema kweli.

Sasa fikiria matokeo yake, ndugu msomaji. Wanafunzi wanagombania patasi nane kwa zamu. Patasi 22 zinasubiri kutupwa, na bajeti ya mwaka ujao inaomba mpya. Hizo mpya zitakuwa butu baada ya majuma machache, nazo zitaandikwa mbovu. Na kijana atamaliza kozi yake, apewe cheti cha useremala, bila kuwahi kunoa kifaa chake mwenyewe hata mara moja. Ataenda Gikomba au Ngong Road kutafuta kazi, na siku ya kwanza ataonekana hajui. Huyo kijana ndiye ninayemwandikia.

Makali ni kitu gani?

Makali ni mstari ambapo nyuso mbili za chuma zinakutana. Hakuna siri nyingine. Patasi ina uso wa nyuma ulio bapa, tuuite mgongo, na uso wa mbele uliokatwa kwa mteremko, tuuite mshazari. Nyuso hizo zikikutana sawasawa, makali yapo. Zisipokutana, yaani ncha ikiwa imeviringika hata kidogo tu, patasi ni butu.

Unaweza kuuona ubutu kwa macho. Elekeza ncha kwenye taa au dirisha. Ukiona mstari mweupe unaong'aa, huo ni ubutu: ncha ina upana, na upana huo unarudisha mwanga. Ncha iliyonolewa vizuri haionyeshi kitu, kwa sababu hakuna uso wa kurudisha mwanga.

Kutokana na hayo utaona kosa la kwanza la wengi. Wananoa mshazari peke yake. Mgongo wanauacha na mikwaruzo ya kiwandani. Lakini kama makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana, basi uso mmoja ukiwa na mikwaruzo, makali yatakuwa kama meno ya msumeno hata kama huo mwingine unang'aa kama kioo. Patasi mpya kutoka dukani mara nyingi iko hivyo: imekatwa umbo, lakini haijanolewa kikweli. Mtu anaifungua kwenye karatasi, anaijaribu kwenye mbao, inararua, anasema "hii ni ya bei rahisi, haina maana." Bwana, hujaimalizia! Ni kama kununua ndizi mbichi ukalalamika kwamba si tamu.

Kisha kuna pembe. Kwa kazi za kawaida mshazari hukatwa kwa digrii 25, na ncha yenyewe humaliziwa kwa digrii 30 hivi. Kwa kazi nyepesi ya kusukuma kwa mkono unaweza kushuka kuelekea 20, na kwa kuchimba matundu kwa nyundo unapanda hadi 35. Ukilala sana, makali ni matamu lakini yanameguka upesi. Ukisimama sana, yanadumu lakini yanakata kwa shida. Ni biashara ya kupata na kupoteza, kama mambo yote ya uhandisi.

Na huhitaji kipimapembe. Mliosoma hesabu za sekondari mnakumbuka kwamba saini ya digrii 30 ni nusu kamili. Maana yake mshazari wa digrii 30 una urefu mara mbili ya unene wa chuma. Patasi yenye unene wa milimita 4 itakuwa na mshazari wa milimita 8. Kwa digrii 25 urefu ni kama mara 2.4, yaani milimita 9 na nusu hivi. Rula ya shule inatosha.

Grinda na lile doa la buluu

Sasa tuje kwenye kesi yenyewe. Feleji ya patasi hupata ugumu wake kwa moto. Kwanza hupashwa mpaka inawaka wekundu, karibu nyuzijoto 800, halafu huzamishwa ghafla kwenye mafuta au maji. Hapo inakuwa ngumu kama kioo, na huvunjika kama kioo pia. Kwa hiyo hupashwa tena, safari hii polepole, kiasi cha nyuzijoto 200 hivi, ili ilegee kidogo tu na ipate ustahimilivu. Kiwandani hesabu hii hufanywa kwa makini, kwa sababu ukipita hapo ugumu unaanza kupotea.

Chuma chenyewe hukuambia kimefika wapi. Kikisafishwa na kupashwa moto hubadilika rangi: kwenye nyuzijoto 220 hadi 230 kinakuwa cha manjano kama majani makavu, na kikikaribia 300 kinakuwa buluu. Buluu hiyo kwenye ncha ya patasi ni sawa na maandishi yanayosema: ugumu ulioununua umekwisha.

Na grinda inafika huko kwa sekunde chache. Piga hesabu nami. Grinda ya mezani yenye gurudumu la milimita 150, kwa umeme wetu wa hezi 50, huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika. Ukingo wa gurudumu unakwenda mita 22 kwa sekunde, kama kilomita 80 kwa saa. Huo ndio mwendo wa mwisho walioruhusiwa matatu tangu zile sheria za Michuki za mwaka 2004. Ile grinda ya mkono ya milimita 115, inayozunguka mara 11,000 kwa dakika, inafika karibu kilomita 240 kwa saa. Sasa weka ncha nyembamba kuliko karatasi mbele ya jiwe linalokwenda kasi hiyo, bila maji. Joto halina pa kukimbilia. Mwili wa patasi bado uko baridi mkononi mwako, na ncha imeshaiva.

"Lakini mimi nachovya kwenye maji." Nimelisikia hili mara nyingi. Maji yanasaidia ukichovya kabla ya chuma kupata moto. Ukichovya baada ya kuona buluu, umepoza chuma kilichokwisha kulegea. Maji hayarudishi ugumu huo. Wala kuisugua ile buluu mpaka itoweke hakurudishi kitu. Umefuta ushahidi, kosa liko pale pale. Ndiyo maana patasi ya mtumba inaweza kung'aa vizuri sana na bado ikawa inapoteza makali kila baada ya vipande vitatu vya mbao. Tiba ni moja: kusaga taratibu, kwa ubaridi, mpaka upite sehemu iliyoungua.

Halafu kuna hasara ya urefu. Ukila milimita moja ya chuma kila unapoenda kwenye grinda, na unaenda kila Jumatatu, patasi yenye sentimita 10 za kutumika haifiki miaka miwili. Kunoa kwa jiwe kunachukua sehemu ndogo sana ya milimita. Ndiyo maana kuna wazee wanaotumia patasi walizorithi, na vijana wanaonunua mpya kila mwaka.

Sisemi grinda ni haramu. Ina kazi yake: patasi iliyomeguka vibaya, au pembe iliyoharibika kabisa, unaisaga kwa kugusa na kuachia, ukichovya maji kila mara, na unasimama kabla ya kufika kwenye ncha. Kutoka hapo mkono unachukua kazi. Ninachopinga ni kuifanya grinda iwe mwanzo na mwisho wa kunoa.

Wenye katalogi

Upande wa pili wako ndugu zangu wa kwenye intaneti, watu wa kipato kizuri, wengi wao wa kazi kama yangu, walioanza useremala wa wikendi. Hao hawachomi patasi. Hao wana ugonjwa mwingine: hawanoi mpaka wanunue. Mawe ya maji ya Japani namba 1000, 4000 na 8000. Bamba za almasi. Kibano chenye kigurudumu cha kushikilia pembe. Mashine ya Tormek kutoka Sweden yenye gurudumu kubwa linalozunguka ndani ya maji.

Vyote hivyo ni vifaa vizuri, na sitasema uongo kwamba havifanyi kazi. Lakini angalieni hiyo mashine ya Sweden kwa macho ya mhandisi. Inazunguka mara 90 hivi kwa dakika, tena kwenye maji. Kwa nini? Kwa sababu walioibuni wanajua adui ni joto. Wamelipia mota na chuma kizito ili wapate mwendo mdogo na ubaridi. Mkono wako juu ya jiwe lenye maji unayo yote mawili tayari, bila umeme.

Na zile namba za mawe zinazobishaniwa usiku kucha kama vile vita vya zamani vya vi na Emacs, wengi hata hawajui zinapima nini. Namba 1000 ya jiwe la Japani si sawa na P1000 ya msasa wa kiwango cha Ulaya. Chembe za P1000 zina ukubwa wa takriban maikroni 18, na za P2000 takriban maikroni 10. Jiwe la Japani namba 1000 liko kati ya hizo mbili, na namba 8000 liko karibu na maikroni moja tu. Ukilinganisha namba bila kujua kipimo chake, unalinganisha shilingi na dola kwa sababu zote ni hela.

Kibano cha kigurudumu kinasaidia mtu anayeanza. Lakini kwenye patasi nyembamba kinayumba, kinachukua muda kukifunga, na muda huo ndio unaokufanya useme "nitanoa kesho." Fundi anayenoa kwa mkono anasimama, anapitisha patasi kwenye jiwe mara kumi, anarudi kazini. Hajapoteza dakika mbili. Kitu kinachofanyika upesi hufanyika mara kwa mara, na makali yanayoguswa mara kwa mara hayafiki kuwa butu kabisa. Hiyo ndiyo siri yote.

Kioo, msasa na ngozi

Sasa tufanye kazi. Nataka mtu asiye na kinoo, asiye na mashine, aweze kunoa leo.

Nenda duka la vioo uombe kipande kilichobaki cha kioo kinene, milimita 6 au zaidi, ukubwa wa daftari. Kwa nini kioo? Kwa sababu kioo cha kisasa cha dirisha hutengenezwa kwa kukielea kikiwa kimeyeyuka juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka. Mbinu hiyo ilitangazwa na kampuni ya Pilkington ya Uingereza mwaka 1959. Uso wa kimiminika hujisawazisha wenyewe, na kioo kinaganda kikiwa bapa. Unapata ubapa wa kiwandani kwa bei ya mabaki. Mwombe fundi akuondolee ukali wa kingo zake.

Halafu nunua msasa wa maji, ule mweusi wanaotumia mafundi wa rangi za magari: namba 240, 400, 1000 na 2000. Na hapa mniruhusu jambo moja la fahari. Neno msasa ni jina la mti, jamii ya mtini, wenye majani makavu yanayokwaruza; maseremala wa pwani walisugulia mbao kwa majani hayo, na karatasi ya dukani ikarithi jina la mti. Anayesema ufundi wa kusugua mpaka ling'ae ni wa kigeni hajui lugha yake.

Tatu, omba kwa fundi viatu kipande cha ngozi, ukigundishe juu ya ubao ulionyooka.

Hatua ni hizi:

1. Lowesha kioo, laza msasa wa 240 juu yake, uloweshe tena. Maji yataushika.

2. Anza na mgongo. Laza patasi iwe bapa kabisa, bonyeza kwa vidole karibu na ncha, sugua. Huhitaji mgongo wote. Sentimita mbili au tatu za mwisho zinatosha. Endelea mpaka mikwaruzo ya kiwandani iishe na uone mng'ao mmoja unaofika ukingoni. Kisha panda 400, 1000, 2000. Kazi hii ni ndefu, lakini inafanywa mara moja tu katika maisha ya patasi.

3. Geuza. Kabla ya kugusa mshazari, upake rangi kwa kalamu nene ya wino. Sugua mara mbili tatu, tazama. Wino ulipotoka ndipo unaponoa. Kama umetoka nyuma tu, mkono umelala. Kama umetoka nchani tu, mkono umesimama. Sisi watu wa programu tunajua jambo hili: usikisie, weka alama usome matokeo.

4. Kwa kushika: kidole cha shahada na cha kati cha mkono mmoja juu ya ncha, mkono mwingine kwenye mpini. Tikisa patasi taratibu mpaka uhisi mshazari umekaa bapa, halafu funga viwiko na vifundo vya mikono. Mwendo utoke kiunoni na magotini, siyo kwenye kiganja. Kiganja kikicheza, mshazari unaviringika. Na kwa kuwa unatumia karatasi, noa kwa kuvuta kuja kwako. Ukisukuma, ncha itachana msasa.

5. Endelea mpaka uhisi unywele wa chuma upande wa mgongo. Pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya ncha, kamwe usipitishe kando ya makali. Ukihisi kitu kinakwaruza kama ukingo wa kopo, umefika: nyuso mbili zimekutana. Unywele uwe umeenea upana wote. Kabla haujatokea, usibadilishe msasa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanakimbilia namba kubwa wakati ncha bado ina ubutu.

6. Panda 1000, halafu 2000, ukiinua mkono kidogo sana kufikia ile digrii 30. Geuza, laza mgongo bapa, pitisha mara mbili tatu kuondoa unywele. Geuza tena. Unywele unapungua kila mara.

7. Maliza kwenye ngozi, ukivuta kurudi nyuma tu, mara ishirini kila upande.

Jaribio langu silifanyi kwenye nywele za mkono. Chukua kipande cha saiprasi, mbao laini, ukate kichwa chake, pale unapoona duara za mti. Patasi butu itaponda nyuzi na kuacha unga mweupe. Patasi kali itaacha uso laini unaong'aa kidogo, kama umepakwa nta. Mbao laini hapa ni hakimu mkali kuliko mbao ngumu, kwa sababu inapondeka upesi.

Majibu kwa wapinzani

"Muda ni pesa." Kweli kabisa. Hesabu basi muda wa kusukuma patasi butu siku nzima, wa kurekebisha tundu lililoraruka, wa kwenda hospitali. Maana patasi butu ndiyo inayokata watu. Inataka nguvu, na nguvu ikiteleza haina breki. Sheria ya mikono miwili kuwa nyuma ya makali haivunjwi kamwe, lakini anayesukuma kwa kifua huivunja bila kujua.

"Siku hizi kuna mashine za kuchonga zinazoendeshwa na kompyuta." Nazijua, na nazipenda, ni mkate wangu. Lakini kisu kinachozunguka hakiwezi kukata kona ya ndani iliyo mraba. Huacha kona ya duara. Tazama fundi anayechimba nafasi ya bawaba kwa mashine, halafu mtazame anachoshika mwishoni. Patasi. Mashine inafanya asilimia kubwa ya kazi, na patasi inafanya ile ambayo mteja ataiona.

"Mbao zetu ni ngumu, makali hayakai." Kuna ukweli hapa. Mvule, kwa mfano, huweka ndani yake vijiwe vya chokaa, na kimoja tu kinatosha kumega ncha. Lakini hiyo ni sababu ya kujua kunoa zaidi, siyo kidogo. Anayefanya kazi ya mvule na hajui kunoa ni kama dereva wa barabara ya mawe asiyejua kubadilisha gurudumu.

"Chuma cha siku hizi ni kibovu." Baadhi ni kibovu, nakubali. Kipime basi kabla ya kuhukumu. Chukua tupa kali, jaribu kuipitisha kwenye pembe ya patasi karibu na ncha. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, feleji imeiva vizuri. Ikiuma na kutoa unga kwa urahisi, chuma ni laini, kwa asili yake au kwa sababu mtu alikichoma. Jaribio ni la sekunde tano. Zile patasi tisa zenye doa la buluu zilishindwa jaribio hili kwenye ncha, na nyingi zilifaulu milimita chache nyuma yake. Maana yake feleji iliyotoka kiwandani ilikuwa nzuri. Tuliiharibu sisi, ndani ya karakana iliyojengwa kufundisha ufundi.

Ninachodai

Kwa vyuo: wiki ya kwanza ya useremala iwe ya kunoa. Kila mwanafunzi apewe patasi moja iliyoandikwa jina lake, na asiguse mbao ya kiungo chochote mpaka patasi hiyo ikate kichwa cha saiprasi bila kuacha unga. Gharama ni kioo, msasa na maji. Na tafadhali, ongezeni hilo jibu la tatu kwenye fomu zenu. Kama mkaguzi hajui butu ni nini, mwonyesheni.

Kwa wafadhili: kabla ya kuleta mashine nyingine yenye gurudumu lisilopatikana hapa, leteni mawe mazuri ya kunolea na mwalimu anayejua kuyatumia. Jiwe haliungui fyuzi.

Kwa mafundi: grinda iwe ya kurekebisha, mkono uwe wa kunoa. Mwanagenzi wako akikuuliza kwa nini, mpe doa la buluu alitazame, halafu mpe tupa.

Na kwa wenzangu wa wikendi: funga hiyo katalogi. Tafuta patasi iliyolala kwenye droo, nenda duka la vioo kabla halijafungwa. Ukikwama, niandikie hapo chini useme wino wa kalamu umetoka wapi na umebaki wapi. Kutoka hapo tutajua mkono wako umelala au umesimama.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.